Nilitaka wanyama wakubwa, nimepangiwa panya

Swali: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili, nasoma baiolojia ya wanyamapori. Nimepata nafasi ya fildi ya wiki kumi majira ya joto, na furaha yangu ilidumu hadi nilipotumiwa ratiba. Kumbe kazi yenyewe ni mitego ya panya: kutega jioni, kukagua alfajiri, mvua inyeshe jua liwake. Wenzangu wawili wamepangiwa wanyama wakubwa wanaovalishwa kola za redio. Tena nimeambiwa nikimaliza nikabidhi daftari langu, litahifadhiwa. Daftari la mwanafunzi lina thamani gani? Niende, au nisubiri mwakani nipate kitu cha maana zaidi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nenda.

Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tupige hesabu moja ndogo. Siku ya kwanza mmekamata panya 40 wakiwa hai ndani ya mitego ya sanduku la bati, mmewavisha hereni zenye namba sikioni, mkawaachia. Baada ya siku chache mnatega tena, mnapata 30, na kati yao 12 wana hereni. Kama wale wa mwanzo walirudi wakachanganyika na wenzao, na hawakuhama wala kufa wengi, basi 12 katika 30 ni sawa na 40 katika wote. Zidisha 40 kwa 30, gawa kwa 12: panya 100. Hukuwaona wote mia, na hutawaona, lakini unajua kwa makadirio kwamba wapo. Mdenmark aitwaye Petersen alikuwa akitia samaki alama tangu miaka ya 1890, na mwaka 1930 Mmarekani Frederick Lincoln akakadiria idadi ya bata kwa kutumia pete walizovishwa miguuni. Fomula hiyo hadi leo inabeba majina yao.

Sasa chukua panya wawili kati ya wale 12, hereni zao zimechomoka. Sikio limebaki na mpasuko mdogo, lakini wewe usingizi haujakutoka machoni, hukuuangalia, ukaandika "mpya". Waliorudi wamekuwa 10. Arobaini mara thelathini, gawa kwa kumi: 120. Kwa neno moja la penseli umezalisha panya 20 ambao hawapo duniani, na mtu atawaingiza kwenye ripoti.

Nayajua haya kwa sababu nami niliwahi kuandika uongo.

Ilikuwa msimu wangu wa kwanza, wiki ya sita. Kulikuwa na ubaridi, kwa hiyo mitego tuliiacha wazi mchana kutwa na kuikagua mara mbili, alfajiri na jioni. Mstari wa mwisho ulipanda kilima chenye nyasi ndefu, na mtego namba 47 ulikuwa juu kabisa, peke yake. Jioni ile mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha na magoti yalikuwa yananiuma. Nikasimama chini, nikatazama juu, nikaona kama mlango uko wazi. Nikaandika "tupu" bila kupanda. Kesho yake alfajiri niliunyanyua ule mtego nikasikia uzito. Panya alikuwa amejikunja ndani ya pamba iliyolowa, mkia kauzungushia mwili, manyoya meupe ya tumboni yameshikamana. Chambo chote kimekwisha. Alikuwa wa baridi kama lile bati lenyewe. Sikioni hereni namba 31, jike, gramu 19. Nilimvisha mwenyewe wiki mbili kabla, na nilikumbuka jinsi alivyong'ata glavu yangu.

Nilimweleza msimamizi wangu yote, hadi ile habari ya kusimama chini. Hakunigombeza. Alinipa penseli, akaniambia nipige mstari mmoja tu juu ya neno "tupu", libaki linasomeka, kisha niandike ukweli pembeni pamoja na tarehe na saa. Tangu siku hiyo sijawahi kufuta kitu kwenye daftari la fildi, na sijawahi kuandika mtego ambao mkono wangu haujaugusa.

Ndiyo maana swali lako la daftari limenigusa. Kuanzia mwaka 1908, Joseph Grinnell, aliyeongoza makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwataka watu wake waandike kila siku: wako wapi, wametega mitego mingapi, kimeingia nini. Baina ya 1914 na 1920 walipita Yosemite, eneo la milima huko California, wakifanya hivyo. Karibu karne moja baadaye wanabiolojia wengine walirudi sehemu zilezile wakiongozwa na kurasa zile. Matokeo yao yalichapishwa 2008. Kati ya spishi 28 za mamalia wadogo walizozifuatilia, nusu mipaka yao ilikuwa imesogea juu mlimani, kwa wastani wa kama mita 500, huku kiwango cha chini cha joto kikiwa kimepanda kwa nyuzi 3 hivi. Wasingeweza kusema neno kama wale wa mwanzo wangeandika walichokamata tu, bila kuandika walitega mitego mingapi na kwa usiku ngapi. Mtego mtupu ulioandikwa kwa uaminifu ndio unaomwezesha mtu wa kesho kusema "mnyama huyu hapa hakuwepo". Na ushahidi huo, mwanangu, ulitoka kwa panya na wenzao wadogo wadogo.

Kuhusu wenzako wa kola za redio, usiwaonee wivu. Siku nyingi watashika antena juu ya kilima wakisikiliza mlio, mnyama mwenyewe wasimwone. Wewe utakuwa na moyo unaodunda kiganjani mwako kila asubuhi.

Sasa ya kazi. Beba penseli, wino hulowa. Andika papo hapo, kabla hujagusa mtego unaofuata. Ukisema utaandika ukifika kambini umeshapoteza. Mpime panya ndani ya mfuko, kisha ukishamwachia pima mfuko tena, maana mara nyingi atakuwa ameukojolea, na gramu mbili kwa mnyama wa gramu 19 si kitu kidogo. Pamba isikosekane usiku wa baridi. Jua likianza kuwa kali mitego iwe imekwisha kufungwa, kwani lile sanduku la bati hugeuka oveni. Ukiona sisimizi wanaufuata mtego, uhamishe. Panya aliyefungiwa hana pa kuwakimbilia. Na kama eneo lenu lina virukanjia, wale wanyama wadogo wanaofanana na panya, omba ukaguzi uwe wa mara nyingi zaidi: mwili wao unaunguza chakula upesi mno, saa chache bila kula zinawaua.

Glavu vaa hata kama wazoefu hawavai. Mwaka 1993 huko kusini magharibi mwa Marekani watu walikufa kwa ugonjwa wa mapafu, ikagundulika ni virusi vya hanta vinavyobebwa na panya wa porini, na mtu huvipata hasa kwa kuvuta vumbi lenye mkojo au kinyesi chao. Uliza mapema kama panya wa huko wanavyo, na kama utapewa barakoa inayofaa. Mitego michafu isafishwe nje, kwa dawa, ikiwa imeloweshwa kwanza. Jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Swali la msomaji mwingine: Mama, mimi sijawahi kulala hata kwenye hema. Barua ya kuomba fildi niandike nini?

Jibu: Andika unachokiweza kweli. Unaamka mapema bila kuamshwa? Andika. Unaweza kutembea kilomita kumi na mzigo mgongoni? Andika, na kama huwezi anza mazoezi leo. Mwandiko wako unasomeka? Hilo ningelisoma kwa furaha kuliko sentensi tatu za "napenda wanyama tangu utotoni", ambazo kila barua inazo. Wanaopokea wanafunzi wa mara ya kwanza wanajua kwamba kutega utafundishwa. Wanachotafuta ni mtu atakayesema "nimekosea" siku hiyohiyo.

Nawe uwaulize. Utalala wapi na nani, usafiri ni wa nani, mnalipwa au hamlipwi, nani kambini amesomea huduma ya kwanza, na mkiwa mbali na mtandao wa simu mnawasiliana kwa kifaa gani. Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi aliyefanya kazi hapo msimu uliopita, na umuulize swali moja: siku ulipougua au ulipoogopa, ulimwambia nani, naye akafanya nini?