Maswali ya wasomaji: Tovuti ya serikali inakujua kiasi gani?

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa yale maneno madogo, "Sera ya Faragha", yaani maelezo ya tovuti inazifanyia nini taarifa zako, yanayokaa chini kabisa ya tovuti nyingi za halmashauri na wizara zetu. Nikaomba maswali. Yamekuja mengi, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua sita. Wengine mniwie radhi, yenu hayajapotea.

Nikiingia tu kwenye tovuti ya wizara kusoma habari za mbolea ya ruzuku, bila kujaza chochote, wanajua ni mimi? (Mkulima, Mvomero)

Jina lako hawalijui. Ila seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, huandika mstari mmoja kila ukurasa unapofunguliwa: anwani ya IP uliyotokea, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, tarehe na saa hadi sekunde, ukurasa uliousoma, kivinjari unachotumia na mara nyingi hata aina ya simu. Ni kile kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji, isipokuwa hiki kinajiandika chenyewe.

Ukitumia bando la simu, anwani hiyo kwa kawaida mnaichangia watu wengi kwa wakati mmoja. Mwenye tovuti anaona tu kwamba mteja fulani wa kampuni fulani ya simu amepita. Anayeweza kuiunganisha anwani na laini yako ni kampuni ya simu, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Polisi wanapochunguza kosa wana njia ya kisheria ya kuomba kumbukumbu hizo, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mbolea yako isome kwa amani.

Kuna kibandiko hutokea kikisema "Kubali vidakuzi". Nikikataa nitanyimwa huduma? (Msomaji, Moshi)

Kidakuzi ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti inaliacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi. Vingine ni vya lazima. Bila hivyo ungeingia kwenye akaunti, ukafungua ukurasa wa pili, mfumo ukawa umeshakusahau. Vingine ni vya kuhesabu wageni, na hesabu hiyo mara nyingi hufanywa na kampuni ya nje, ambayo nayo inajua umepita wapi. Hivi vya pili vikatae, huduma utaipata vilevile.

Halmashauri yetu ilitangaza mafunzo ya siku mbili ya ufugaji wa kuku. Fomu ya mtandaoni inataka namba ya NIDA, dini, kabila na hali ya ndoa. Usipojaza haiendi mbele. Ni sawa? (Mfugaji, Kondoa)

Si sawa, mama, na nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazibana ofisi za umma kama inavyoyabana makampuni. Inataka anayekusanya taarifa akuambie anakusanya kwa kazi gani, na achukue zile tu ambazo kazi hiyo inazihitaji. Dini na kabila sheria imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na mambo ya afya, na hizo zina masharti makali zaidi, ikiwemo ridhaa yako ya maandishi. Sasa niambie, kuku wa kienyeji na kabila la mfugaji vinakutana wapi?

Mara nyingi hakuna hila. Aliyetengeneza fomu kachukua ya zamani ya karatasi, ile yenye vipengele vyote tangu enzi na enzi, akaihamishia kwenye kompyuta. Lakini karatasi ungeweza kuacha pengo, afisa akaipokea. Kompyuta inaweka kinyota chekundu na kukugomea.

Duka likikuuliza maswali ya kijinga unahamia duka la pili. Serikali haina duka la pili. Leseni, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyote vina mlango mmoja tu. Kwa sababu huna pa kwenda, inayokuuliza inapaswa kuuliza kidogo kuliko mtu mwingine yeyote. Mpigie afisa mifugo wa kata, mwambie utajaza jina, kijiji na namba ya simu, na umuulize hayo mengine ni ya kazi gani. Akishindwa kukujibu, mwombe apeleke neno kwa afisa TEHAMA wa halmashauri aviondoe hivyo vinyota. Ni kazi ya dakika tano.

Maombi yangu ya ajira serikalini hunitumia kijana wa steshenari. Barua pepe alinifungulia yeye, nywila anayo yeye. Kuna ubaya? (Mhitimu, Mbagala)

Upo. Hapo ndipo taarifa za Watanzania zinapovuja kimyakimya, kabla hazijafika hata kwenye mfumo wa serikali.

Mwezi uliopita niliingia steshenari moja kuchapisha barua. Kijana alipokuwa akitafuta faili langu alifungua folda iliyoandikwa VYETI. Nikaona vyeti vya kuzaliwa, vya kidato cha nne, picha za pasipoti, vitambulisho vya taifa mbele na nyuma, watu kwa watu, wengine wamekaa humo tangu miaka iliyopita. Kando ya kibodi palikuwa na kaunta buku: jina, barua pepe, nywila, mstari kwa mstari. Nywila nyingi zilikuwa jina la mtu na 1234. Yule kijana si mwizi hata kidogo. Wateja wakisahau nywila humrudia yeye, na daftari ndilo linalowaokoa. Ila kompyuta ile mchana kutwa inachomekwa flashi za kila anayepita.

Fikiria kilichomo kwenye kitambulisho peke yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ongeza jina, sura na sahihi, hapo mtu ana karibu yote anayohitaji kujifanya wewe.

Fungua barua pepe mpya kwenye simu yako mwenyewe, simu ya rafiki ikibidi, kisha ubadilishe nywila zote leo. Ukirudi steshenari, keti wewe, andika nywila wewe, vyeti viwe kwenye flashi yako. Ukimaliza toka kwenye akaunti, futa mafaili, halafu futa na yaliyoingia kwenye kapu la taka, maana humo bado yanafufuka. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu husika ikafutwe.

Na wenye mifumo nao nawaomba wasikie. Ukurasa unaogoma kwenye simu ndogo, au unaodai kila cheti kiwe PDF yenye ukubwa fulani, ndio unaompeleka mhitimu huyu steshenari. Sera ya faragha iwe nzuri namna gani, haimsaidii mtu aliyelazimika kumpa mwingine nywila yake ili aombe kazi.

Nikiona alama ya kufuli juu, nijue tovuti ni ya kweli? (Msomaji, Geita)

Hapana. Kufuli lina maana kwamba kinachosafiri kati ya simu yako na tovuti kimefichwa njiani. Nani yuko upande wa pili, halisemi, na matapeli wanalipata bure. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaielewa hivyo unavyoielewa wewe. Tazama jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina: liishie na .go.tz. Neno "go" likiwa katikati na mwisho kuna .com, kimbia. Na malipo ya serikali yana namba ya malipo, ile control number. Anayekwambia utume kwenye laini ya mtu binafsi ni tapeli, ujumbe wake na namba yake vitume 15040.

Mwaka 2019 niliitwa kwenye usaili. Hadi leo jina langu likitafutwa Google, inakuja PDF ya taasisi ile yenye jina na namba yangu ya simu. Napigiwa na watu nisiowajua. Nifanyeje? (Dada, Dodoma)

Pole sana, dada. Tangazo lile lilikuwa na kazi moja, kuwaita watu kwenye usaili, na kazi hiyo iliisha siku usaili ulipoisha. Sheria inasema taarifa zisikae kupita muda wa kazi iliyozikusanya, na inakupa haki ya kuzuia matumizi yanayoweza kukudhuru. Ingewezekana tangu mwanzo kutumia namba ya mwombaji tu. NECTA wanatoa matokeo ya kidato cha nne kwa namba ya mtahiniwa bila jina, na kila mtoto anajiona.

Andika barua kwa mkuu wa taasisi. Weka anwani kamili ya lile faili, ukurasa, na mstari ulipo wewe. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024; tovuti yao ni pdpc.go.tz, na barua yenye muhuri ndiyo kielelezo chako. Faili likishaondolewa kwenye tovuti ya taasisi, kwenye Google bado linaweza kuonekana kwa muda. Google wana ukurasa wa kuomba kuondolewa kwa matokeo ya utafutaji yaliyopitwa na wakati, nao unaujaza mwenyewe.

Barua isiwe ndefu. Hii inatosha: "Naomba namba yangu ya simu iondolewe kwenye tangazo la usaili la mwaka 2019 lililopo kwenye tovuti yenu, kwa kuwa usaili huo umekwisha na kuendelea kuonekana kwake kunanisababishia usumbufu. Naomba nijulishwe kwa maandishi ikishaondolewa."