Re: Bastola gani iendane na .303 ya babu?

Mkuu, umeuliza ukiwa na hiyo SMLE (bunduki ya .303 ya Muingereza) aliyokuachia babu uongeze bastola ya Luger au Webley zikae pamoja kabatini. Mi niko Moshi, nakwambia achana na Luger, hiyo ni ya Mjerumani, ingependeza na bunduki ya Mjerumani mwenzake, Mauser, ukiiweka pembeni ya bunduki ya Muingereza ni kama umewapiga picha ya pamoja watu waliokuwa wanatandikana huku kwetu 1914 mpaka 1916 😂

Kwanza angalia chuma pale kitako kinapoanzia, upande wa kulia, futa mafuta vizuri utaona taji, herufi GR (za Mfalme George) na chini mwaka. Ukikuta 1915 au 1916 we tafuta Webley Mk VI, rivolva ya Muingereza, nayo imeanza 1915, unaikunja katikati inatema maganda yote sita kwa mkupuo, raha tupu yani. Ila kama kumbe ni No. 4, yaani .303 ya baadaye ya vita ya pili ya dunia (watu wanazichanganya sana), mwenzake ni rivolva ya Enfield No. 2 ya .38.

Sasa Webley hizo usinunue kwa kuangalia picha tu, fungua silinda uitazame kwa nyuma, nyingi zilichongwa silinda ili ziingie zile risasi za Kimarekani za .45 ACP, ambazo presha yake ni kubwa kuliko ya risasi ya .455 ambayo Webley iliundiwa, kwahiyo ukikuta imechongwa shusha bei na iwe ya kuangalia tu, usiipige. Na usitoe hata mia kabla hujaenda polisi kuuliza kibali, leseni ya bunduki haikuruhusu kumiliki bastola.