Umenunua mashine ya majani ya mtumba? Injini iache kwanza

Mtu akiniletea mashine ya kukatia majani ya ng'ombe aliyoinunua mtumba, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Fundi, injini itawaka?" Namjibu itawaka tu. Hizi injini za petroli za silinda moja, za hospawa tano hadi saba, ndizo zilizojaa kwenye pampu za maji na jenereta, spea zake hazikosekani mjini, na ikishindikana kabisa unaifungua bolti nne unaweka nyingine. Kitakachokula hela yako ni ile sehemu isiyopiga kelele: shafti, beringi, gurudumu lenye visu, na upenyo kati ya kisu na chuma cha mdomoni. Ndiyo maana wewe unayeanza nakuomba uiweke injini pembeni, uifunike na gunia, turudi kwake mwishoni.

Mimi sikuambiwa hivyo. Mashine yangu ya kwanza niliinunua huku kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro, imepakwa rangi ya kijani inang'aa hadi unajiona. Nikahangaika na kabureta wiki nzima, injini ikaimba. Nikaitia majani ya tembo, mashine ikaanza kutembea. Sisemi kutikisika, nasema kutembea: ilitoka chini ya mwembe ikaenda hadi kwenye pipa la maji ndipo nikafanikiwa kuizima. Nilipoifungua nikakuta kisu kimoja ni cha kiwandani na kingine kimechongwa kwenye springi ya gari, kizito kuliko mwenzake kwa zaidi ya gramu mia. Beringi ya upande mmoja nayo ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto wa miaka sita. Tangu siku hiyo, rangi mpya kwenye mashine kuukuu hunitia wasiwasi kuliko kutu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usimwombe muuzaji aiwashe. Mwombe akuruhusu uvue mkanda. Zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Beringi iliyokufa inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Kisha shika shafti karibu na puli, lile gurudumu dogo linalobeba mkanda, ivute juu na chini. Ikicheza hata kidogo, hapo kuna gharama. Halafu lizungushe gurudumu polepole uliache lisimame lenyewe, mara tano au sita. Likisimama kila mara upande ule ule uko chini, upande huo ndio mzito. Mwisho ligonge kwa spana ndogo sehemu mbalimbali. Chuma cha kumimina kilicho kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa ule mlio wa chungu kilichopasuka, na mama yeyote aliyewahi kununua vyungu sokoni anaujua. Gurudumu lenye ufa usilinunue hata kwa bei ya chuma chakavu, na usimwamini atakayekuambia atalichomelea. Chuma cha kumimina hakishiki weldi kama bomba la geti, na hiki kitazunguka mara mia kadhaa kwa dakika karibu na tumbo lako.

Umenunua, umefika nyumbani. Kabla ya spana yoyote, vua waya wa plagi ya injini, au kama ni ya mota, chomoa kabisa kwenye umeme. Piga picha kwa simu kila upande, hasa mpangilio wa washa (vile visahani vya chini ya bolti) na vipande vidogo, maana baada ya siku nne hutakumbuka. Bolti zilizoshika kutu zipake dizeli au dawa ya kutu jioni, uzifungue asubuhi. Kuvunja bolti kwa haraka ni kazi ya dakika moja, kutoboa iliyovunjikia ndani ni ya siku nzima.

Puli ndiyo inayowatoa vijana jasho. Imekataa kutoka, mtu anachukua nyundo, anapiga ncha ya shafti hadi inapanuka kama uyoga. Sasa puli haitoki kabisa, na shafti inataka kwenda kwa fundi wa mashine ya kukereza. Tafuta kwanza vibolti vidogo vya kubania, vile vya kufunguliwa kwa funguo ya pembe sita. Ukikitoa kimoja na puli bado imegoma, chungulia tundu lile lile kwa tochi: mara nyingi kuna cha pili kimejificha chini ya cha kwanza. Mimi nilijua hilo baada ya kuharibu shafti mbili. Baada ya hapo tumia kivutio cha miguu mitatu, kile kifaa cha kung'olea puli, ukaze taratibu.

Beringi usiende kuinunua kwa kukisia na kidole. Isafishe ile ya zamani kwa petroli uisome namba. 6205 na 6206 ndizo utakazokutana nazo sana, au zile zinazokuja na nyumba yake, mfano UCP 206. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa tano utapata kipenyo cha shafti kwa milimita: 05 ni shafti ya 25, 06 ni ya 30. (Hesabu hii inaanzia 04, chini ya hapo haifanyi kazi.) Kama ni zile za namba peke yake, omba zenye 2RS mwishoni, yaani zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu maji ya majani na vumbi la mabua vinaingia popote. Unapoiingiza kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani tu kwa kipande cha bomba kinachoikaa vizuri. Ukiipiga ringi ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, na umeiua beringi mpya kabla haijazunguka. Zile zenye nyumba yake grisi isizidi; pampu moja au mbili zinatosha, ukijaza sana utatoboa sili, ule mpira wa kuziba.

Sasa visu, na hapa tukae kidogo.

Kisu cha mashine hii kina upande bapa na upande wa mteremko. Kinolewe kwenye mteremko tu. Ukiuchubua upande bapa, hata kama kitanyoa nywele za mkono wako, hakitalala sawa kwenye gurudumu. Ukitumia grenda, gusa na uachie, gusa na uachie, ndoo ya maji iwe pembeni. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ukingoni, ugumu wake umeondoka. Utakinoa leo na kesho kutwa kimekuwa butu tena, useme visu vya siku hizi ni feki. Mimi naondoa mapengo makubwa kwa grenda, kisha namalizia kwa tupa na jiwe la kunolea. Ni polepole, ila sijawahi kuunguza kisu kwa tupa.

Baada ya kunoa, pima uzito. Mizani ya dijitali ya jikoni inatosha. Visu vyote, viwe viwili au vitatu, vipimwe pamoja na bolti na washa zake, vilingane hadi gramu chache. Kilichozidi kipunguzwe nyuma, mbali na makali. Kama kimoja kimepotea, usichonge kimoja: chonga seti nzima kutoka chuma kimoja. Na bolti za visu zisitoke kwenye kopo la bolti za kuokota. Tazama kichwani, iandikwe 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na namba ifungie geti la kuku. Kuna sehemu moja tu ambapo bolti laini inatakiwa: baadhi ya mashine zenye rola za kuvuta majani zina pini iliyowekwa ikatike kitu kigumu kikiingia. Pini hiyo ikikatika imefanya kazi yake. Ukiibadilisha kwa bolti ngumu ili "isisumbue", siku jiwe likiingia yatavunjika meno ya gia.

Kisha upenyo. Kisu kinachozunguka kinapita mbele ya chuma kilichotulia mdomoni, na majani hukatwa kati ya hivyo viwili kama kwenye mkasi. Mkasi uliolegea msumari hukunja kitambaa badala ya kukikata. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Upenyo ukiwa mkubwa, jani linajikunja, linapita na nyuzi ndefu, linajizungusha kwenye shafti, gurudumu linapunguza mwendo, na mwenye ng'ombe anasema injini haina nguvu. Nimeshaona watu wawili walionunua injini kubwa zaidi kwa tatizo lililokuwa la milimita mbili.

Mimi natumia kadi ya vocha, ile ya kukwangua. Zungusha gurudumu kwa mkono hadi kisu kifike mbele ya chuma cha mdomoni, legeza bolti zake, ingiza kadi, sogeza kisu kiibane kidogo, kaza. Kadi itoke kwa kuvutwa, isidondoke yenyewe. Fanya ncha zote mbili za kila kisu, maana kisu kinaweza kuwa sawa upande wa ndani na kimeachia upande wa nje. Unatafuta upenyo wa chini ya nusu milimita bila chuma kugusa chuma. Halafu zungusha gurudumu mizunguko kumi kwa mkono. Ukisikia "chi", rudia.

Ukishafika hapa mashine imeshapona. Yanayobaki ni kuipa mwendo unaostahili, na hapo hesabu ya puli ni ya darasa la sita. Mota inayozunguka 1,440 kwa dakika, ikiwa na puli ya inchi 4 na mashine ina puli ya inchi 8, inalizungusha gurudumu 720. Sasa mwenye mashine anachoshwa na kukatika kwa umeme, anafunga injini ya petroli inayoweza kufika 3,600, puli ni zile zile. Gurudumu linakwenda 1,800. Mwendo umeongezeka mara mbili na nusu, lakini nguvu inayokivuta kisu kitoke nje inapanda kwa mwendo mara mwendo, kwa hiyo ni zaidi ya mara sita. Bolti hazikuambiwa. Badilisha puli kabla ya kuwasha. Na angalia upande inakozunguka, kwa sababu injini na mota hazikubaliani kila mara. Makali ya kisu ndiyo yatangulie.

Mkanda wenye herufi A una upana wa milimita 13 juu, B una 17, na namba inayofuata ni urefu kwa inchi: B60 ni inchi sitini. Nyoosha uzi kutoka puli moja hadi nyingine uhakikishe ziko mstari mmoja.

Injini, ile tuliyoifunika: mwaga petroli ya zamani yote, safisha kabureta na vitundu vyake, weka plagi mpya, badilisha oili (nyingi za ukubwa huu zinachukua takriban lita 0.6), safisha chujio la hewa. Usiifunge springi ya gavana (kidhibiti mwendo cha injini) kwa waya ili ikimbie zaidi. Rangi paka ukipenda.

Siku ya kuwasha, simama ubavuni, si usawa wa gurudumu. Iache izunguke tupu dakika kumi, zima, subiri lisimame kabisa, kisha shika nyumba za beringi. Kiganja kiweze kukaa. Kaza tena bolti zote za visu. Anza kulisha mabua makavu, kisha majani ya tembo, na migomba iwe ya mwisho, ikiwa imepasuliwa vipande vinne kwa urefu, kwa sababu nyuzi zake zinapenda kujifunga kwenye shafti. Kwa ng'ombe, vipande vya sentimita mbili hadi tano vinatosha. Matawi ya mgrivilea usitie. Najua yako hapo shambani na yanakutazama, lakini mashine ya kupasulia matawi ina gurudumu nene na visu vifupi vinene. Hii yako ni ya nyasi.

Kifuniko cha mkanda kifungwe kabla ya jaribio la kwanza, si baada ya mteja kulipa. Mama mmoja wa kijijini kwetu aliinama kuokota majani, pindo la kanga likaingia kwenye puli. Kanga ilichanika, yeye akabaki ameshika ukuta anatetemeka. Mashine ile niliitengeneza mimi, na kifuniko chake kilikuwa bado kwangu, nimepanga kukipaka rangi kwanza. Mdomo wa kulishia nao uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Ukiwa mfupi, uongezee bati. Majani yaliyokwama yasukumwe kwa fimbo, glavu zivuliwe, na watoto wajue kwamba injini ikinyamaza gurudumu bado linakwenda.

Nikimkabidhi mtu mashine yake, natoboa ile kadi ya vocha na kuifunga kwa waya mwembamba ndani ya kifuniko cha mkanda. Wengine wananipigia simu jioni: "Fundi, umesahau vocha yako huku, na imeshakwanguliwa."