Bibi anagoma kuoga, nimlazimishe?

Dada pole na kazi. Umesema upo Leicester, ndo kwanza umeanza kutunza wazee na kuna bibi mwenye dimenshia (ugonjwa wa akili kufifia na kusahau) kila asubuhi anagoma kuoga, wenzako wanakwambia mshike tu umwogeshe kwa nguvu. Usimshike. Hapo England sheria ya uwezo wa kuamua ya 2005 inaanza kwa kumchukulia mtu kuwa anaweza kuamua mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo, na dimenshia peke yake haimwondolei hiyo haki.

Mi ningeanza kumuuliza yeye au watoto wake, maisha yake yote alikua anaogaje? Pengine alizoea jioni, pengine maji ya shawa yakimwagika kichwani anaogopa, au bafu lina baridi tu, au anaona aibu kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua alafu watu wanamwita mkorofi, inaniuma sana hii. Mfunike taulo, mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa, akikataa mwache urudi baadae, siku zingine kumfuta uso, kwapa na sehemu za siri kunatosha kabisa.

Kikisaidia kitu andika kwenye rekodi yake ili wa shifti ya jioni nae ajue, na umwombe meneja mpango wake wa matunzo ubadilishwe. Wakiendelea kumlazimisha ripoti kwa meneja, asiposikia nenda halmashauri kitengo cha kulinda watu wazima, au CQC wanaokagua hizo huduma.