Kabla Hujamlipa Mchapaji wa Mabango

Mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja katika milima ya Uluguru ameniandikia akiniomba nimtajie "mtu wa mabango" aliye mwaminifu. Kamati yake imepata fedha za kuweka mabango ya maelezo kando ya njia inayopanda kwenye maporomoko ya maji, na alikuwa amekwisha kukusanya profoma kutoka kwa wachapaji wa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Aliniambatishia zote. Bei hazikunishtua. Kilichonisikitisha ni kwamba kila mchapaji aliandika ukubwa, idadi na gharama ya usafiri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mabango hayo yatamwambia nini mtu atakayesimama mbele yake.

Ninamjibu hadharani kwa sababu hayuko peke yake. Sisi tunaosimamia misitu ya vijiji, magofu, fukwe na bustani tunatamani jambo lilelile: mgeni aondoke akiwa amekielewa kile tunachokilinda, hata siku ambayo hakuna mwongozaji wa kumtembeza. Lakini tunapotafuta msaada tunaanzia dukani kwa mchapaji, ilhali huyo ndiye anayestahili kufikiwa mwisho.

Niliongoza wageni katika Usambara ya Mashariki kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi hii ya kuandaa mabango. Kijiji ambacho sitakitaja kilipata ufadhili wa kutengeneza njia ya wageni, nami nikaombwa nikusanye habari. Nilikaa na wazee wa Kisambaa, nikapita njia pamoja na walinzi wa msitu, nikaandika ni mti upi uliokuwa wa matambiko, ni chemchemi ipi isiyokauka hata kiangazi kikiwa kikali, na ni wapi magogo yalipokatwa enzi za Wajerumani. Daftari langu lilikabidhiwa kampuni ya usanifu kutoka mjini. Mabango yaliporudi, habari za wazee zilikuwa zimegeuzwa aya mbili za kusifu bayoanuwai, aya ambazo zingefaa kubandikwa kwenye msitu wowote duniani. Juu yake palikuwa na picha nzuri ya korongo taji, ndege wa mabwawa na mbuga za nyasi, ambaye hakuna mzee wala mtoto wa pale aliyewahi kumwona akitua chini ya miti ile. Chini zilipangwa nembo za wote waliotoa fedha na waliozipokea. Jina la mzee hata mmoja halikuwapo. Langu pia halikuwapo, na sitajifanya kwamba halikuniuma. Linaniuma mpaka leo.

Jua na mvua vilimaliza yaliyobaki. Stika zilizobandikwa juu ya bati zilianza kuinuka pembeni, rangi nyekundu na njano zikafifia kwanza kama kawaida ya wino wa bei nafuu, na korongo yule akabaki wa samawati. Kisha nguzo za chuma zikaanza kupotea usiku, moja baada ya nyingine, na sote tulijua zinauzwa wapi. Kijiji kiliponiita tena, nilikubali kwa sharti kwamba maneno yakamilike na kukubaliwa kwanza, ndipo shilingi itoke. Mabango ya awamu ile ya pili yamesimama hadi sasa, yanasomeka, na walimu huwaleta wanafunzi wao kuyasoma. Nayasema haya kwa majivuno, na majivuno hayo nimeyatolea jasho.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, msaada wa kwanza unaouhitaji unatoka kwa watu wanaoijua habari ya mahali penu na kwa mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuipunguza. Waketishe pamoja kabla ya mvua za masika, tembeeni njia yote kwa miguu, na katika kila kituo mjiulize ni jambo gani mgeni anaweza kuliona kwa macho yake akiwa amesimama hapo. Bango linaloeleza kitu kisichoonekana ni ukurasa wa kitabu uliopotea njia. Kisha kila kituo kiandikiwe sentensi moja kamili inayobeba wazo lake. Msiandike "Umuhimu wa Misitu", kwa maana hicho ni kichwa cha somo la darasani. Ninyi mna bahati ambayo wengi hawana: mto Ruvu unaanzia katika milima yenu, na jiji la Dar es Salaam linategemea sana maji yake. Mgeni aliyetoka Kariakoo akiinama kunawa kwenye kijito chenu asome hapohapo kwamba maji hayo yanateremka kuelekea bombani kwake. Sentensi kama hiyo inafanya kazi ambayo aya kumi za bayoanuwai haziwezi.

Na msiogope historia yenye makali. Mwaka 1955 Waluguru walipinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na ghasia zilizotokea hazijasahaulika katika milima hiyo. Ikiwa njia yenu inapita palipo na alama za matuta hayo, huko ndiko kuna bango lenu bora, na wazee wenu ndio wataalamu wake. Bango linalowaeleza watu wa mahali kama maadui wa msitu, kana kwamba kazi yao pekee ilikuwa kukata kuni, ni dhuluma iliyochapishwa kwa rangi. Nimeona mengi ya namna hiyo.

Hifadhi ya Amani, kulekule Usambara ya Mashariki, nayo ingeweza kunifundisha haya bila maumivu, kama ningeisikiliza mapema. Mgeni anayefika pale anakuta msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na kwenye miamba yenye unyevu ua dogo la urujuani linaloitwa Saintpaulia, ambalo dunia nzima hulipanda kwenye vyungu vya madirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilikusanya katika eneo la Tanga mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Mtu anaweza kujaza bango zima kwa majina na miaka hiyo. Lakini mgeni niliyekuwa nikimtembeza alisimama na kuinama mara tu nilipomwambia kwamba ua lililopo dirishani kwa bibi yake huko Ujerumani asili yake ni mwamba ule aliokuwa akiugusa. Majina na miaka aliyauliza mwenyewe baadaye.

Upo pia mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa Amani na wakoloni, ukazagaa ndani ya msitu wa asili kwa msaada wa hondohondo wanaokula matunda yake na kudondosha mbegu. Wageni wengi huusifu kwa unyoofu wake. Hapo kituo cha bango kimejichagua chenyewe, kwa kuwa macho yanasema hivi na ukweli unasema vingine.

Habari zikishapatikana, mtafuteni mtu wa kuzihakiki. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko papo hapo Morogoro, na wapo wataalamu wa misitu wanaoweza kuwaambia kama ndege mliyemchora ni fimbi wa Uluguru, ambaye hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika milima yenu, au ni ndugu yake wa kawaida. Mhakiki asome rasimu ya maneno na picha kwa pamoja, kisha aweke sahihi. Korongo wangu taji asingepita mbele ya mtu kama huyo.

Lugha iachiwe mtu anayeandika Kiswahili vizuri, naye alipwe. Hapa nasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba maneno ni kazi ya kujitolea wakati chuma kinalipiwa taslimu. Bango linalopigwa picha kuliko mengine yote katika nchi yetu liko Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nalo limeandikwa kwa Kiingereza. Watoto wa Moshi wanaliona kwenye kalenda. Katika msitu wa kijiji Kiswahili kitangulie na kiwe na herufi kubwa, Kiingereza kifuate. Kila bango lisizidi maneno mia moja kwa lugha moja, na ikiwezekana yawe nusu ya hapo. Wapangaji wa mabango wana kanuni ya sekunde tatu, sekunde thelathini na dakika tatu: anayepita haraka apate wazo kutoka kwenye kichwa cha habari, anayesimama kidogo apate kiini chake, na mwenye hamu apate maelezo. Wengi wetu tunamwandikia huyo wa tatu tu.

Kabla ya kuchapa chochote, chapisheni rasimu kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, mbandike juu ya ubao, msimamishe njiani siku ya mnada au ya gulio, kisha mkae kando kimya. Msiwaulize watu kama ni zuri, maana kwa adabu zetu watasema ni zuri sana. Tazameni macho yao yanaishia wapi. Baadaye mwombeni mwanafunzi wa darasa la tano na mama mmoja mtu mzima wawaeleze, kwa maneno yao, bango limesema nini. Jaribio hili halina gharama kubwa, na ndilo lililonifanya nifute mistari niliyoipenda mno.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa kuwa mafundi mtawapata. Bango la kusomwa liwe chini na lilazwe kwa mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu walisome, na lisiyazibe maporomoko ambayo watu wamekuja kuyaona. Herufi za maelezo zisiwe chini ya pointi 24. Stika juu ya bati epukeni. Ombeni alumini au laminati ngumu iliyochapwa picha ndani yake, na msilipe hadi muone sampuli mkononi. Ubao utaliwa na mchwa, chuma kitaibwa. Sisi tuliishia kwenye nguzo za plastiki iliyorejelezwa, zilizosimikwa kwa zege, ambazo mchwa hawazigusi na wanunuzi wa vyuma chakavu hawazitaki. Kama njia inapita penye magofu, msichimbe shimo lolote kabla ya kibali, kwa sababu maeneo hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Mkataba useme kwamba faili asilia za usanifu ni mali ya kijiji na mtakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Useme pia kwamba majina ya wazee waliotoa habari yatachapwa. Kampuni itakayokataa sharti la pili imejieleza vya kutosha.

Ukitaka mwongozo wa bure, Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ina kituo chake cha Harpers Ferry, kilichoanza mwaka 1970, ambacho kazi yake ni kupanga na kusanifu maelezo ya hifadhi, na miongozo yake ya mabango inapatikana kwenye intaneti. Fedha zikipungua, ulizeni mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki, safu inayojumuisha Uluguru na Usambara, ambao makao yake yako Morogoro.

Swali lako la mwisho lilihusu msimbo wa kuskani kwa simu, ambao mchapaji mmoja ameuweka kwenye profoma kama kitu cha lazima. Pandeni hadi kwenye maporomoko na simu za mitandao yote. Kama hakuna mtandao unaoshika, futeni mstari huo na fedha yake mumlipe mhariri. Kama unashika, mchagueni kwanza mtu wa kijiji, kwa jina, atakayekuwa akiulipia na kuutunza kila mwaka ukurasa wa intaneti ambao msimbo huo unaufungua.