Kawaida Hiyo ni ya Nani?

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya miezi sita msimamizi akaandika kwenye tathmini yangu kwamba sijiamini: naangalia chini nikisemeshwa na wakubwa, na nasita kuwaita wazee kwa majina yao. Ni kweli. Mama wa miaka 84 ningemwitaje kwa jina tupu, kana kwamba tumecheza naye rede? Kwetu Tanga hiyo ni adabu. Kwenye ile karatasi ikawa upungufu, nami nikasaini.

Usisaini kabla hujauliza. Ukiambiwa "hapa ndiyo kawaida", uliza ni kawaida ya nani, tena kwa upole. Mimi nilirudi baadaye nikaeleza kwamba nikimwita mzee "Bibi" ni heshima, si woga, na nikaeleweka.

Sisi wenye Kiswahili tumeshaanza mbele katika jambo hili. Tunasema saa za kizungu, malezi ya kizungu, "yule ana uzungu mwingi". Tunajua siku zote kwamba uzungu ni mwenendo wenye vitu unavyovithamini: mtu kujitegemea na kujisemea, shughuli kutangulia salamu, karatasi kuaminiwa kuliko neno la mdomo. Mengine nimeyapenda. Wanangu wanamwuliza mwalimu maswali bila hofu, jambo ambalo mimi sikuthubutu. Tatizo ni kwamba wenyewe wengi hawauiti utamaduni. Wanauita kawaida.

Nilipokuwa najiandaa kuomba uraia nilisoma sheria ya Marekani ya 1790 iliyotaka mgeni anayeomba uraia awe "mtu mweupe aliye huru". Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilimkatalia Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani, ikisema mweupe maana yake ni Mkaukasi, yaani mtu wa kundi ambamo wataalamu wa wakati ule waliwaweka Wazungu na baadhi ya watu wa Asia. Mwaka uliofuata akaja Bhagat Singh Thind kutoka Punjab, India, ambaye wataalamu hao walimhesabu Mkaukasi. Mahakama ile ile ikasema hapana, mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida anamwelewa kuwa mweupe. Sharti la rangi liliondolewa 1952. Nilipofika kwenye hayo maneno, "mtu wa kawaida", nililaza simu mezani nikakaa kimya.

Kazini kila msimu wa baridi tunakula pamoja, kila mtu analeta chake. Pilau yangu ilikuwa ikibandikwa karatasi: chakula cha kigeni. Hotdish, ile nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi ikaokwa, haikubandikwa kitu. Mwaka jana niliwahi kufika, nikaandika zote kwa mkono: pilau ya Tanga, hotdish ya Minnesota.

Mwenye hotdish, mama mmoja mzungu wa jikoni, aliisoma akanyamaza. Kisha akaniambia bibi yake alitoka Norwei na alipika vitu vingine kabisa, ila nyumbani waliviacha, na lugha wakaiacha, wakawa watu wa kawaida tu. Tuliongea mpaka pilau ikapoa. Aliniuliza bizari nainunua wapi, nami nikamwuliza bibi yake alikuwa akiitwa nani.