Ferritini 860: je, nitume mate ng'ambo kupima jeni?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Ujiji, mwanamume wa miaka 38. Nimepimwa ferritini ikatoka 860, wakasema nina chuma kingi mwilini. Kaka yangu alifariki kwa ugonjwa wa ini. Mtandaoni nimeona kipimo cha jeni ya HFE, ile ambayo ikibadilika mwili hufyonza chuma kupita kiasi; unatuma mate tu. Nitume?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba wa kaka. Kwa sasa hiyo fedha itunze.

Ferritini ni protini inayohifadhi chuma, lakini hupanda pia mtu akiwa na maambukizi, ini likiuma, au akinywa pombe sana. Kwa hiyo 860 peke yake haithibitishi kwamba chuma kimezidi. Omba upimwe ujazo wa transferini, yaani ni asilimia ngapi ya protini zinazosafirisha chuma kwenye damu zimekwisha kujaa. Damu itolewe asubuhi kabla hujala. Ukivuka asilimia 45, turudie kipimo, na hapo shaka ya chuma inakuwa na uzito. Ukiwa chini ya hapo, tatizo tulitafute kwingine.

Kuhusu HFE, wauza vipimo huwa hawasemi jambo moja. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1996, na badiliko lake kubwa, C282Y, ni la watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Huko takriban mtu 1 kati ya 200 hadi 300 amelirithi kwa wazazi wote wawili, na hata hao si wote wanaougua. Kwa Waafrika ni nadra mno. Majibu yako karibu hakika yatasema "hakuna", nawe utajiona salama bila sababu. Sisi tuna badiliko letu, Q248H, kwenye jeni ya feropotini, protini inayotoa chuma ndani ya seli. Linaweza kupandisha ferritini kidogo, ila kwa kawaida halitoshi kuleta ugonjwa lenyewe. Kipimo cha HFE hakiligusi.

Niambie haya: umewahi kuongezewa damu? Chupa moja huingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa kinachozidi. Ndiyo maana wagonjwa wa selimundu walioongezewa mara nyingi hujaa chuma bila badiliko lolote la HFE. Unameza vidonge vya kuongeza damu? Acha mpaka tujue. Unakunywa pombe ya kienyeji iliyopikiwa kwenye mapipa ya chuma? Kusini mwa Afrika pombe ya namna hiyo imejaza watu chuma hadi ini likaharibika.

Kifo cha kaka kinanifikirisha homa ya ini B kuliko jeni. Anzia hospitali ya Maweni, hapo Kigoma: homa ya ini B na C, vipimo vya ini, wingi wa damu. Chuma kikithibitika, tiba ni kutoa damu kidogo kidogo, kama mililita 450 kila mara, mradi huna upungufu wa damu. Haisubiri majibu ya jeni.

Ila kama upande wa baba au mama kuna mzee aliyetoka Ulaya, mweleze daktari wako mapema. Hapo HFE ina maana.